Sikio la Kulia

Jumapili, 23 Februari

Nimefua. Mashati, suruali ya kazi, shuka moja. Rukia huwa ananicheka ninavyokamua nguo, anasema nazikaba shingo. Leo hakuna wa kunicheka. Nimezianika juu ya paa katikati ya nguo za wapangaji wa ploti nzima, nikarudi chumbani na beseni tupu, nikakaa kitandani nikiangalia ukuta.

Wiki ya pili bila mke. Si kwamba ameniacha. Yuko kwao, mtaa wa Tena, na Tena si Marekani, ukitoka hapa Pipeline ni mwendo wa kuchosha miguu tu. Mama mkwe alikuja, akapanda ngazi zetu hadi orofa ya sita, akafika anahema, akaketi, akanywa maji, akasema binti yake hapandi ngazi hizi na tumbo lile. Na tena kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mke akiwa kwa mama yake. Ndivyo walivyofanya wakiwa Lamu na hawakuacha kwa sababu walihamia Nairobi. Atakaa huko mpaka ajifungue, kisha amalize arobaini. Nilikubali. Ningefanyaje, na nguo zimeshaingia kwenye mfuko?

Nalala upande wangu wa kitanda. Upande wake sigusi.

Jumatano, 26 Februari

Kibandani Donholm. Nauza vyombo vya plastiki: ndoo, majagi, mabeseni, vikapu vya nguo. Ramadhani iko mlangoni na watu wameanza kununua majagi ya juisi, ila wanaishangaa bei kana kwamba nimeitunga leo asubuhi. Mama mmoja aliinua beseni la kuogeshea mtoto, lile la buluu, akaniuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia limeshauzwa. Uongo. Nimelisukuma nyuma ya ndoo.

Rukia alipiga simu mchana. Mtoto amepanda mbavuni, kupumua ni shida. Daktari amesema katikati ya Aprili. Mama yake anampikia uji wa pilipili manga na kumkanda miguu kila jioni. Nilitaka kufurahi. Nilichofikiri ni kwamba miguu ile nilikuwa naikanda mimi.

Namwonea wivu mama mkwe. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 1 Machi

Tena. Nimevaa kanzu. Mtu anavaa kanzu kwenda kumwona mkewe mwenyewe, anapiga hodi, anapewa juisi ya ukwaju kwenye glasi ya wageni. Nilikaa kwenye kochi lenye vitambaa. Rukia alikaa kule mbali, karibu na mlango wa jikoni. Kati yetu mama yake, shangazi yake, na Hamisi, kaka yake, anatazama mpira. Kwa wakwe hujiendei vyumbani, na mke huji kumshikashika sebuleni. Hata tumbo sikuweza kuligusa. Nilimwangalia tu. Akanikonyeza mara moja, nusura nimwage juisi.

Amenenepa uso. Amependeza mpaka anaudhi.

Baba mkwe akaingia kutoka msikitini. Yeye ndiye muadhini wa pale kwao tangu Rukia yuko shule ya msingi. Sauti yake wanaijua hadi mtaa wa Umoja. Hata akiomba chumvi tu mezani watu hunyamaza. Shangazi akasema huyu mtoto ana bahati, sauti ya kwanza kumwingia sikioni itakuwa ya babu yake. Wote wakasema inshallah. Na mimi nikasema inshallah.

Lakini kumwadhinia mtoto akizaliwa, kwenye sikio lake la kulia, ni kazi ya baba. Na baba yupo. Ndiye yule aliyekuwa kwenye kochi na glasi.

Mwezi umeonekana. Kesho tunafunga.

Jumanne, 4 Machi

Daku: chai na mkate, peke yangu. Futari: tende, maji, na chapati za Mama Nasra. Mama Nasra ni jirani wa orofa ya nne. Anauza chapati na bajia pale chini mlangoni, na anajua habari za kila mpangaji, pamoja na waliohama.

Nimempigia mama yangu, aliye Kayole. Mama ni Mkamba na ni mtu wa kanisa. Baba alikuwa Mswahili wa Mombasa, dereva wa malori. Nilimwuliza, nilipozaliwa nani aliniadhinia?

"Nani alikufanya nini?"

Nikamweleza. Akasema baba yako alikuwa mpakani Malaba na lori, alikuja kukuona ukiwa umeshaanza kucheka. Halafu akasema, "Lakini mimi nilikuimbia." Nikamwambia asante, mama.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Sauti yake siikumbuki hata kidogo. Nimejaribu tena leo nikifunga kibanda. Hakuna kitu.

Mtoto wangu nitamwadhinia mimi. Babu awe na sauti ya asali, sawa, lakini mimi ndiye baba. Nalitaka jambo hili sana. Sijataka kitu namna hii tangu nilipomtaka Rukia.

Shida ni moja: kuadhini sijui. Maneno nayajua, nani asiyeyajua. Lakini dini nimejifunza ukubwani, kwa kuokota huku na kule. Nikianza nakatika pumzi, nachanganya mstari, sauti inaruka kama ya jogoo mchanga.

Jumamosi, 8 Machi

Najifunza. Mwalimu wangu ni msikiti ulio nyuma ya ploti. Mchana adhana inamezwa na muziki na honi na watoto, kwa hiyo namfuata muadhini saa za daku, Pipeline ikiwa bado imelala. Nafungua dirisha, nasema naye neno kwa neno, chini chini, jirani asije akagonga ukuta.

Anayejua ni Rukia peke yake. Mchana wateja wakipungua namwita, nainama nyuma ya ndoo, namsomea kwenye simu. Binti wa muadhini, hakuna kosa linalompita. Usivute hapo. Vuta pale. Umeniruka, rudi nyuma. Leo mteja mmoja alisimama na kikapu mkononi, akadhani naswali, akakirudisha polepole akaenda zake. Tulicheka mpaka Rukia akaomba nimwache apumue.

Pale kwenye kochi sisi ni wageni. Kwenye simu, nikiwa nimechuchumaa kati ya mabeseni, ndipo tunakuwa mume na mke.

Ijumaa, 14 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Nimefanya balaa.

Stima ilikuwa imepotea tangu adhuhuri, Pipeline yote. Mawingu mazito, jua halikuonekana siku nzima. Nilifunga kibanda mapema. Nilipofika, mvua ilikuwa inanukia, nikapanda juu ya paa kuanua nguo kabla ya kufuturu. Hakukuwa na mtu kule. Na bila stima hakukuwa na muziki, wala televisheni, wala mashine ya kuchomelea vyuma. Kimya ambacho sijawahi kukisikia hapa. Nikafikiri, ni sasa. Mara moja tu, kwa sauti kamili, nijue kama pumzi inatosha. Nikaelekea kibla katikati ya shuka za watu, nikatia vidole masikioni kama muadhini, nikaanza.

Ilitoka. Wallahi ilitoka. Nilivuta pale Rukia aliposema nivute. Nilifika mwisho machozi yakinilenga.

Nikashuka na nguo begani. Orofa ya nne nikamkuta Mama Nasra mlangoni na kikombe cha uji, anatafuna.

"Salim, magharibi ya leo imewahi eh? Alhamdulillahi, kiu ilikuwa imeniweza."

Nikatazama saa.

Wakati ulikuwa bado. Spika za msikiti zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa stima, na watu walikuwa wametega masikio, tende mkononi, wakingoja sauti yoyote. Wakaipata yangu. Ploti yetu ilifuturu. Ya jirani ikafuturu. Na ile inayotazamana nasi, ambayo mtu anaweza kukupitishia chumvi dirishani, nayo ikafuturu. Jua bado liko juu ya mawingu linawatazama.

Nilimpigia Rukia. Alicheka mpaka akashikwa na mbavu. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote. Akaapa.

Leo nimepita mlango kwa mlango kuomba msamaha. Mzee mmoja wa Kisomali wa orofa ya pili alinishika bega, akasema nimempa siku ya kufunga zaidi, na yeye hana kazi nyingine. Mama Nasra hakuwa mpole hivyo. Amesema siku yake nitailipa mimi, na chapati nitanunua kwake mpaka Idd, bila kulalamika ni ndogo.

Swala ya Ijumaa, imamu akatangaza: waliofungua jana kwa sauti ile isiyojulikana, walipe siku hiyo. Watu wakageuka wakatazamana. Na mimi nikageuka, nikatazama nyuma kama ninayemtafuta mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Nimealikwa futari Tena. Meza imejaa: viazi karai, mbaazi za nazi, samaki, kaimati. Kaimati ameipika Rukia kwa sababu yangu. Tumekaa, tende ziko mkononi, tunangoja. Hamisi akaniinamia.

"Shemeji, tule sasa ama tungoje ya kwako?"

Meza ikalipuka. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Mama mkwe akajidai anakohoa. Rukia alicheka pia, kisha akaniona uso wangu, akaacha.

Amewaambia. Aliapa, na amewaambia.

Halafu, kicheko hakijaisha, sauti ya baba mkwe ikaingia dirishani kutoka msikitini. Nzito, safi, kwa wakati wake. Wote wakatulia. Tukafungua.

Alirudi baada ya swala, akanawa, akaketi. Yeye hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alisema, taratibu, "Adhana ni amana, Salim. Watu wanakuachia saumu yao." Nikasema ndiyo, Baba. "Basi mtoto akija, hilo niachie mimi. Wewe usijisumbue." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutua mzigo.

Nilikula kaimati moja. Nikaaga. Rukia alinifuata mlangoni, akanong'ona kwamba ilimponyoka, alikuwa anamwambia mama tu. Nikavaa viatu. Alinipa mkebe wa kaimati nije nao. Nilimpa mlinzi wa geti, mkebe na vyote.

Nina hasira. Nina aibu. Sijui ipi imemzidi mwenzake.

Jumanne, 18 Machi

Amepiga. Sikupokea. Amepiga tena. Nikamwandikia: niko na wateja.

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Jumamosi, 22 Machi

Sijaenda Tena. Mama mkwe ametuma salamu na swali, mbona kimya. Nikasema nina mzigo wa kupokea soko la Gikomba. Mzigo gani. Nilikaa kibandani nikipanga ndoo ndogo ndani ya kubwa, halafu nikazipangua.

Alfajiri msikiti ukianza, nafunga dirisha.

Dera lake la nyumbani bado limening'inia nyuma ya mlango. Lina harufu ya udi na mafuta ya nazi. Nimelinusa. Mtu mzima, mwenye biashara, amesimama nyuma ya mlango ananusa nguo. Mto wake nimeuhamishia upande wangu.

Jana jioni baada ya kufuturu miguu ilinipeleka yenyewe mpaka Tena. Nilisimama ng'ambo ya geti lao, karibu na muuza mahindi. Dirisha la Rukia lina taa. Pazia halikusogea. Nilinunua hindi ambalo sikulitaka, nikalila lote nimesimama, nikarudi. Angetoka tu, hata kumwaga maji. Ningemwita.

Au nisingemwita. Najijua.

Jumatano, 26 Machi

Mama Nasra amenikamata pale chini. Aliniuliza mke wangu anaendeleaje, nikasema vizuri, akaniuliza vizuri ya lini. Akaweka chapati chini.

"Mwanamke yuko na mimba imekomaa, wewe umenuna. Mimi ulinilisha mchana wa Ramadhani na nimekusamehe. Wewe ni nani?"

Wateja wake wote wamesikia. Nilichukua chapati zangu nikapanda. Nilipofika orofa ya tatu nikagundua sijazilipia, nikarudi. Akanitazama tu.

Jioni Rukia alituma ujumbe wa sauti. Hakuna maneno mwanzoni, ni yeye anapumua. Halafu akasema, "Ananipiga mateke. Sikia." Kisha kimya, ameweka simu tumboni. Hakuna kilichosikika. Feni, na mbali kidogo mama yake anaita paka. Nimeusikiliza mpaka chaji ikaisha, nikachomeka, nikausikiliza tena.

Nikamjibu: Nimesikia.

Rukia sina hasira naye. Niseme kweli hapa, maana hakuna anayesoma. Naogopa baba yake yuko sahihi. Ningesimama na mtoto wangu mikononi, nifungue mdomo, nikosee mbele yao wote. Afadhali amwadhinie mtu anayejua. Hilo ndilo linaloniuma, si kaimati wala Hamisi.

Jumapili, 30 Machi

Wengine wamesherehekea leo. Sisi tulingoja mwezi wa hapa, na jioni umetangazwa. Ploti imejaa kelele, wasichana wanapakana hina kwenye ngazi, huwezi kupita bila kuruka mguu wa mtu. Nimenyoa. Kanzu nimeipiga pasi mara mbili. Nimemnunulia dera la zambarau lenye nafasi ya tumbo.

Kesho nikitoka kuswali naenda Tena moja kwa moja. Nitaomba msamaha mbele ya shangazi ikibidi. Nitakunywa juisi kwenye glasi yao. Habari ya adhana sitaitaja, nimemwachia Baba mkwe. Nataka kumwona Rukia tu. Akae kule karibu na jikoni, mimi kwenye kochi, yatosha.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimepata binti.

Niandike kwa mpango, nisije nikasahau kitu.

Swala ilikuwa uwanjani. Simu niliizima kabla ya takbira. Hotuba ikawa ndefu, imamu alikuwa na mengi. Tukakumbatiana, mtu mmoja akaniita "Muadhini!" nami nikacheka, kumbe imeshaacha kuuma. Nikawasha simu. Ikatetemeka mkononi haiishi. Mama mkwe. Hamisi. Mama mkwe. Hamisi tena. Ujumbe: "Shemeji uko wapi? Rukia tumempeleka. Kuja saa hii."

Uchungu ulimwanza usiku. Hakumwambia mtu, alidhani ni tumbo la kaimati. Kulipokucha hakuweza kusimama. Wakamkimbiza kwenye nyumba ya uzazi ya Donholm, ile anayokwenda kliniki, ambayo haiko mbali na kibanda changu.

Nilidandia boda, kanzu nimeikusanya magotini. Dera la zambarau liliniponyoka mahali njiani. Sijui ni wapi.

Kwenye korido nilimkuta Baba mkwe amesimama nje ya mlango, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Yeye aliswali Tena, akapata habari mapema, akafika kabla yangu. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Nikajua nimechelewa, na nikajua nimechelewa kwa jambo gani. Nilimwamkia, nikambusu mkono. Akasema, "Hongera. Ni msichana." Halafu akasogea pembeni. "Ingia. Unangojwa."

Rukia kitandani. Uso umevimba, nywele zimeloa jasho. Mtoto kifuani, amefungwa kwenye leso, amelala. Na kiganja cha Rukia kimelala juu ya kichwa cha mtoto, upande wa kulia, kimeziba sikio.

Sikuelewa. Nilidhani anamkinga na baridi.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza, sauti yake nusu ukali na nusu sijui nini. Baba yake alipoingia na kuinama amwadhinie, Rukia aliliziba sikio la mtoto. Akamwambia, "Baba, nisamehe. Ana mwenyewe, anakuja." Baba yake akamtazama, akatoka nje. Tangu hapo mkono hajautoa. Nesi alikuja kumpima mtoto, akampima na mkono wa Rukia ukiwa juu yake.

Sijui alijuaje kwamba naja. Simu zake nilikuwa sipokei. Nilisimama pale nikiwa na vumbi la boda hadi kwenye nyusi, sina hata zawadi. Nikasema, Rukia, nisamehe.

Akasema, "Mkono umekufa ganzi. Adhini."

Akautoa. Sikio dogo, limekunjika juu kidogo, lina vinyweleo. Niliinama. Sauti yote niliyokuwa nayo juu ya paa haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, inatetemeka, ya mtu anayemsemesha mtu mmoja tu. Nikaenda nayo. Sikukatika pumzi. Nikafika hayya alal-falah mara ya pili, nikaona nimevuka, nimeshinda. Nikaendelea.

As-swalatu khairun minan-naum.

Swala ni bora kuliko usingizi. Maneno ya adhana ya alfajiri peke yake. Na saa hizo jua lilikuwa limepanda, watu mitaani wanakula biriani. Mimi adhana niliyojifunza ni ya alfajiri; juu ya paa nilikumbuka kuyaruka maneno hayo, kama Rukia alivyonionya kwenye simu, leo ulimi ukaenda kwa mazoea. Nikanyamaza. Rukia akafumba macho. Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Nikasema moyoni, haya, ndilo hilo ulilokuwa unaliogopa.

Mlangoni Baba mkwe akaanza kucheka. Yule mtu ambaye hakucheka mezani. Alicheka mpaka akashika mlango, tasbihi ikaanguka, na mabega yakaendelea kutikisika akiiokota.

Akafuta macho. "Endelea, mwanangu. Na hilo pia ni kweli."

Nikamaliza. Iqama nikaisoma kwenye sikio la kushoto. Mtoto hakuamka. Nililia, na sikujificha, na Hamisi ambaye alikuwa korido hakusema lolote.

Walinipa nimbebe. Mzito kuliko nilivyodhani. Kisha nesi akasema wanaume watoke.

Jumatatu, 7 Aprili

Akika Tena. Wamemnyoa nywele. Jina Raya.

Mama yangu alikuja kutoka Kayole na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nilikuwa na wasiwasi. Alimchukua Raya, akaketi kwenye lile kochi, akamwimbia Kikamba, wimbo mrefu, hakumwuliza mtu. Baba mkwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza maana yake. Mama akamwambia. Wakaongea sana wale wawili.

Rukia nimemwona kwa mbali. Alikuwa amejipaka liwa, amefungwa tumbo kwa leso, anatembea polepole. Alipita nyuma ya kochi akaninyoosha kola ya kanzu. Kidole kikanigusa shingo. Mpaka sasa nakisikia.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Sikufungua kibanda.

Rukia alipiga simu mchana. Raya halali. Usiku anafungua macho, makubwa, anaangalia taa, na mtu akithubutu kumlaza anapiga kelele mpaka Tena yote ijue. Wanampokezana. Mama mkwe alisinzia akikoroga uji. Shangazi amerudi kwake, amesema amesahau kitu na hajaonekana. Baba mkwe anamzungusha sebuleni akimsomea, na sauti ile inayotuliza watu wazima haimtulizi. Hamisi amesema wote tujue ni kosa la shemeji: mtoto aliambiwa swala ni bora kuliko usingizi, na ameshika.

Alikuwa ananisimulia huku anacheka, sauti imekauka. Kisha maneno yakaanza kupungua. Katikati ya sentensi akalala, simu iko sikioni. Sikukata. Nilimsikiliza akipumua, na karibu yake pumzi nyingine ndogo, fupi fupi. Nilikaa hivyo kitandani mpaka laini ikakatika yenyewe.

Arobaini bado sana.

Huku Pipeline pametulia kwa mvua. Usiku wa jana nililala moja kwa moja, sikugeuka hata mara moja. Nimeamka nimeshiba usingizi, na hakuna mtu aliyenihitaji usiku kucha.